Feni hunilaza, ukimya hunikeshesha: je, nina tatizo?

*"Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 41. Tangu utotoni kuna sauti zikinipata nalegea mwili mzima: mtu akifunua kurasa karibu yangu, kalamu ikikwaruza karatasi, mvua, feni, na hasa mashine ya kinyozi. Sijawahi kumaliza kunyolewa nikiwa macho, hadi kinyozi ananitania. Lakini usiku chumba kikiwa kimya ndiyo kwanza nakodoa macho. Kwa hiyo mwaka wa pili sasa nalala na simu chini ya mto, inacheza sauti ya feni hadi asubuhi. Mke wangu anasema nitaharibu masikio na ubongo, na kwamba nimeshakuwa mlevi wa feni. Nilijaribu kuacha siku 3, zote nikakesha. Halafu juzi nilikuwa naendesha gari barabara kuu, mngurumo wa matairi ukanibembeleza mpaka gari likagusa ukingo wa barabara. Je, sauti hizi zina dawa ya usingizi ndani yake? Niache?"*

Pole sana, na ushukuru kwamba kilichoguswa ni ukingo tu. Nitaanzia hapo, ingawa wewe umeliweka jambo hilo mwishoni kama nyongeza. Mengine yote katika barua yako yanaweza kusubiri hata mwezi. Hilo halisubiri safari nyingine.

Mngurumo wa matairi peke yake haumlazi mtu aliyeshiba usingizi. Humfichua yule mwenye deni. Na garini hakuna sauti peke yake, kuna mtetemo pia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT kule Melbourne, Australia, waliwaweka watu 15 kwenye mtambo wa kuigiza udereva wenye kiti kinachotetema. Mitetemo ilipokuwa ya chini, 4 hadi 7 kwa sekunde, dalili za kusinzia zilianza kuonekana ndani ya dakika 15. Mtetemo wa kiasi hicho sikio haliupati kabisa. Unapokewa na mgongo na makalio. Kwa hiyo hata ukiziba masikio, bado barabara inakubembeleza.

Usidanganywe kwamba kufungua dirisha au kupandisha redio kutakuokoa. Mambo hayo yalipimwa na kuchapishwa tangu 1998, na faida yake ilionekana kuwa ndogo na ya muda mfupi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 au 20. Ukitaka kahawa, inywe kabla hujajilaza, maana kafeini huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, nawe utaamka ndiyo kwanza inaingia zamu. Piga hesabu hii ndogo: ukisinzia sekunde 3 tu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda mita 83 bila dereva. Mpaka tumalize suala lako, safari ndefu mwachie mwingine usukani.

Sasa turudi chumbani.

Hakuna sauti yenye dawa ya usingizi ndani yake. Kinacholeta usingizi ni vitu viwili. Cha kwanza ni mrundikano wa kemikali mwilini, hasa ile iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya kwenye ubongo kadiri unavyokaa macho na kuoshwa unapolala. Cha pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga na giza na kuamua ni muda gani wa siku mlango wa usingizi uwe wazi. Feni haiongezi hata chembe ya adenosini, wala haisogezi saa hiyo. Ukitaka kuhakikisha, chagua siku uliyolala ukashiba na kuamka bila kengele, kisha saa 4 asubuhi jilaze uisikilize sauti ileile ya simu yako. Utasikia feni tu, na baada ya dakika 10 utachoka kulala chali ukaondoka.

Ikiwa hivyo ndivyo, sauti inafanya nini? Inampumzisha mlinzi aliye ubongoni.

Jicho lina kope, sikio halina. Ukiwa umelala fofofo, ngoma ya sikio inaendelea kupigwa na hewa, vinyweleo vya sikio la ndani vinaendelea kuyumba, na mshipa wa fahamu unaendelea kupeleka habari juu kama mchana. Uamuzi wa kukuamsha au kutokukuamsha unafanyika mbele zaidi, kwenye sehemu ya kati ya ubongo iitwayo thalamasi, ambayo ni kama meza ya mapokezi: kila mgeni wa hisia anapita pale, isipokuwa harufu. Usingizi ukishaingia, thalamasi hushirikiana na tabaka la nje la ubongo kutoa vishindo vifupi vya mawimbi, mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde, vinavyofura katikati na kuchongoka pembeni. Vishindo hivyo vinaonekana kuwa sehemu ya kufuli la mlango. Mwaka 2010 utafiti uliofanyika Boston, Marekani, ulionyesha kwamba watu wenye vishindo vingi zaidi walistahimili kelele nyingi zaidi kabla ya kugutuka. Ndiyo maana pikipiki moja ikipita nje, mmoja kitandani anakurupuka na mwenzake anaendelea na usingizi wa pono. Si kwamba mmoja ana roho nyepesi na mwingine hajali. Milango yao haikufungwa kwa kitasa kimoja.

Mlinzi huyu halali kabisa. Mwaka 1960 mtafiti wa Uingereza, Ian Oswald, na wenzake waliwachezea watu waliolala kanda ya majina mengi mfululizo. Ubongo wa aliyelala uliitika zaidi lilipofika jina lake mwenyewe kuliko majina mengine. Maana yake ni kwamba hata usingizini mtu anasikiliza maana, hasikilizi ukubwa wa sauti tu. Wazazi wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: ngurumo haikuamshi, mtoto akijikohoza kidogo chumba cha pili umeshakaa kitako.

Na kitu kinachomsumbua mlinzi kuliko vyote ni badiliko. Hapa naomba uende jikoni. Kaa karibu na friji usiku nyumba ikiwa imetulia, soma au fanya lolote. Litakuwa linanguruma muda wote nawe hulisikii. Halafu litajizima, *tk*, na ghafla utausikia ule mngurumo uliokuwepo, kwa sababu umeondoka. Ubongo ulikuwa umeuhesabu, ukauona haubadiliki, ukauandika kama sehemu ya ukuta. Mambo yasiyobadilika hayana habari ndani yake, na mlinzi halipwi kuangalia ukuta.

Mimi mwenyewe nililala miaka mingi na feni, na nakumbuka usiku umeme ulivyokatika. Haukuwa usiku wa joto. Kilichoniamsha ni kule kunyamaza.

Nadhani sasa unaanza kuona kwa nini ukimya unakukeshesha. Chukua chumba kimya sana, cha desibeli 25. Jirani akifunga mlango, sauti ikakufikia kwa desibeli 50, umepata mruko wa desibeli 25 juu ya ukimya wako. Mlinzi lazima anyanyue kichwa. Washa feni inayotoa desibeli 40, jirani afunge mlango uleule kwa nguvu ileile. Sasa umechomoza kwa desibeli 10 tu. Mlango haukupunguza sauti yake hata kidogo, ila maji yamejaa na jiwe limebaki ncha. Kazi kubwa ya feni, mvua na mashine zote za sauti za usingizi ni hiyo: kujaza maji.

Kuna upande mwingine wa ukimya ambao vipimo vya desibeli havionyeshi. Chumba kikinyamaza, ubongo huongeza usikivu wake, kama mtu anayetega sikio. Unaanza kusikia saa ya ukutani, maji kwenye bomba, moyo wako kwenye mto. Na ukishamaliza hivyo, unaanza kujisikia mwenyewe: deni la fulani, neno ulilojibiwa mchana, kazi ya kesho. Sauti laini isiyo na maana huipa akili mahali pa kuegemea pasipo na maswali. Wagonjwa wangu wengi wanaosema hawapendi ukimya, ukiwasikiliza vizuri, ukimya si shida yao. Shida ni mazungumzo yanayoanza ukimya ukiingia. Jichunguze kama nawe umo.

Si kila sauti inafaa, na hapa sikio lako limekuongoza vizuri bila kufundishwa. Zinazolegeza watu wengi zina tabia zilezile: zinaanza taratibu, hazirukiruki, ni nene kuliko nyembamba, na hazina neno la kufuatilia. Mvua ni mfano mzuri. Kila tone lina mlio wake mfupi, hata mkali ukilisikia peke yake. Bomba linalovuja tone mojamoja ni adhabu. Lakini matone maelfu yakidondoka bila mpangilio, milio inafunikana hadi inakuwa kitambaa kimoja, na huwezi kubashiri wala kungojea lolote. Radi ikipiga katikati ya mvua ileile, kitambaa kimechanika. Mazungumzo ya redio ni kinyume chake: hata yakiwa ya chini, mtu akiielewa lugha, ubongo utafuata sentensi mpaka nukta. Ukitaka kulala na sauti ya binadamu, afadhali mtu anayezungumza lugha usiyoijua, kwa upole, bila muziki wa matangazo kuingia kwa kishindo.

Utakuwa umekutana pia na majina ya rangi kwenye programu za simu. Kelele nyeupe ina nguvu sawa katika masafa yote, nayo hulia kama redio iliyopoteza stesheni, *shhhh* kali. Ya waridi imepunguzwa upande wa sauti nyembamba, inakaribia mvua. Ya kahawia imepunguzwa zaidi, inavuma kama maporomoko ya maji yaliyo mbali. Na hii ya mwisho, tafadhali, haikupewa jina la rangi. Wanasayansi waliiita hivyo kwa heshima ya Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, ambaye mwaka 1827 aliona kwa darubini chembechembe zikitangatanga ovyo ndani ya maji. Jina lake la ukoo kwa Kiingereza ndilo hilohilo la rangi, basi watu wakachanganya. Nalisema kwa sababu nimewahi kuulizwa kwa dhati kama kahawia inatuliza kuliko waridi kwa kuwa ni rangi ya udongo. Chagua inayokuudhi kidogo kuliko zote. Hakuna siri nyingine.

Tuje kwenye kurasa na kalamu, maana hizo haziingii kwenye habari ya kujaza maji. Mtu anayekwaruza karatasi hafuniki kelele yoyote. Unachokieleza, ule ulegevu unaoanzia kichwani na kushuka shingoni (hukuutaja msisimko, lakini wengi huuhisi kama sisimizi wapole chini ya ngozi), una jina tangu 2010, ASMR, lililotungwa na Mmarekani aitwaye Jennifer Allen kwa sababu watu walichoka kukosa neno. Utafiti wa kwanza wa kitaaluma ulichapishwa 2015 na Emma Barratt na Nick Davis wa Chuo Kikuu cha Swansea. Mwaka 2018 timu ya Chuo Kikuu cha Sheffield iliwapima watu wa namna hii wakitazama video za minong'ono na kazi ndogondogo za mikono, na mapigo ya moyo yao yakashuka kwa wastani wa mapigo 3.14 kwa dakika. Wasio na hali hiyo hawakupata mteremko kama huo. Si ugonjwa, na si mawazo tu. Wengine wanayo, wengine hawana, kama vile wengine wanatekenyeka na wengine hawatekenyeki.

Tena usishangae ukikutana na mtu ambaye kalamu ileile inamtia hasira hadi anatoka chumbani. Wapo wanaoteseka kikweli kwa sauti za kutafuna, kunusanusa pua au kubofya kalamu, na hali hiyo inaitwa misofonia. Mtu huyo hana kiburi. Kama yumo nyumbani mwako, mhurumie.

Ukiangalia orodha yako vizuri, utaona kitu kimoja kinajirudia. Anayefunua kurasa, anayeandika, anayekunyoa: wote ni watu walio karibu nawe, wametulia, wameshughulika na jambo lao, na hawakudai kitu. Mimi naamini (na hapa nasema kama mtu aliyesikiliza wagonjwa wengi, si kama mwenye kipimo mkononi) kwamba mlinzi wetu anapumzika zaidi akijua kuna mwenzake macho. Mtoto hulala vizuri sebuleni watu wakizungumza kwa sauti ya chini, akihamishiwa chumbani peke yake anaamka.

Mke wako ametumia neno mlevi. Nalielewa, ila silikubali. Ulevi wa kweli hudai dozi izidi kupanda, hudhuru maisha yako, na ukiacha, mwili unaugua. Wewe una mazoea ya usingizi: kwa miaka miwili ubongo umefundishwa kwamba sauti ya feni ndiyo ishara ya kulala, kama vile mwingine anavyohitaji mto wake au upande wake wa kitanda. Ulipoacha kwa siku 3 uliondoa ishara bila kuweka nyingine, tena ukalala ukijipima kama utalala. Anayejipima halali. Siku 3 hazitoshi kuthibitisha lolote. Lakini swali moja linabaki upande wa mke wako, nalo ni la haki: je, unalazimika kuongeza sauti mwezi hadi mwezi? Kama ndiyo, usitafute spika kubwa zaidi. Ama masikio yako yanahitaji kupimwa, ama kinachokukeshesha hakikuwa kelele tangu mwanzo.

Nikiri pia kwamba ushahidi wa kisayansi kuhusu sauti za kulazia ni dhaifu kuliko wauzaji wanavyosema. Mapitio yaliyochapishwa 2021 yalikusanya tafiti 38 na kuhukumu ubora wa ushahidi kuwa wa chini sana. Baadhi zilionyesha nafuu, nyingine hazikuonyesha, na nyingine zilionyesha usingizi kuvurugika. Pia utasoma kwamba kelele ya waridi huongeza kumbukumbu. Majaribio yaliyojenga umaarufu huo yalitumia milipuko mifupi mno ya sauti, iliyopigwa kwa kufuata mawimbi ya ubongo wa aliyelala, akiwa amebandikwa waya kichwani. Kuacha simu ivume usiku kucha ni kitu kingine kabisa.

Kuhusu masikio, mama watoto ana hoja, lakini jibu liko kwenye kiasi. Hatari inayofahamika vizuri huanza kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kazini, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unakatika nusu. Feni ya kawaida haifiki huko hata kidogo. Ila Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilitaka sauti endelevu ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, ambazo ni kama mnong'ono. Kwa hiyo anayeishi mahali patulivu akawasha mashine ya desibeli 50 anajiletea kelele asiyokuwa nayo. Aliye kando ya barabara ana sababu ya kuifunika. Kanuni yangu ni nyepesi: ukilala, mke wako akakunong'oneza kutoka upande wake na usimsikie, punguza. Anayelala ndani ya chumba lazima bado aweze kusikia king'ora cha moshi na mtoto akilia.

Na simu itoke chini ya mto leo. Sababu si mionzi wala ubongo. Simu inayofanya kazi usiku kucha hupata joto, ikiwa kwenye chaji zaidi, na mto unazuia joto lisitoke. Hivyo ndivyo mashuka yanavyoungua. Halafu sauti iliyo sentimita 5 kutoka sikioni haina kipimo cha kueleweka. Iweke upande wa pili wa chumba, karibu na mahali kelele inakotokea, kama ni dirishani au mlangoni, na upandishe sauti pale tu unapoifunika kelele hiyo. Hedifoni za kuziba masikio usilale nazo kila usiku; nta inasukumwa ndani, ngozi ya tundu la sikio inalowa na kuwasha.

Hukuuliza kuhusu watoto wachanga, lakini najua wazazi watasoma jibu hili na kukimbilia simu. Ni kweli sauti ya mvumo huwatuliza. Katika jaribio la 1990 nchini Uingereza, watoto wachanga 16 kati ya 20 walilala ndani ya dakika 5 wakisikilizishwa kelele nyeupe, dhidi ya 5 kati ya 20 walioachwa bila hiyo. Si ajabu, kwani tumboni hakuna kimya: damu ya mama inavuma, moyo unapiga, tumbo linanguruma. Lakini mwaka 2014 watafiti walipima mashine 14 zinazouzwa kwa ajili ya watoto, zikiwa zimefunguliwa mwisho, na 3 kati yake zilivuka desibeli 85 zikiwa karibu na kichwa. Iwe angalau mita 2 kutoka kitandani, sauti ya chini, na izimwe mtoto akishalala.

Wewe je, uiache hadi asubuhi au uipe muda? Kama kelele za nje zinaendelea usiku mzima, iache. Ikizimika katikati utaamka kama nilivyoamka mimi. Kama nje kuna utulivu na unaihitaji kushika usingizi tu, weka saa ya kuzima baada ya dakika 45 au 60, na uchague programu inayofifisha sauti taratibu badala ya kuikata. Ukiamua kuacha kabisa, usiache kwa kishindo. Teremsha sauti nukta moja kila usiku wa tatu au wa nne, kwa wiki tatu hivi, na uamke saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya. Kuamka saa ileile kila siku kuna nguvu kuliko feni zote. Usipotaka kuacha, mimi sina sababu ya kukulazimisha.

Sasa yale yanayohitaji kuonana na mtu ana kwa ana. Kwa sababu ya tukio la barabarani, wewe umo kwenye kundi hili tayari, nisikufiche.

Muulize mke wako maswali mawili: nakoroma? Na je, mkoromo hukatika nikanyamaza kabisa, kisha nikavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini? Akisema ndiyo, kuna uwezekano pumzi inaziba mara nyingi usiku, na hapo hata ukilala kwa muda wa saa 8 unaamka na deni la usingizi. Tazama pia jinsi unavyosinzia mchana. Kuna dodoso liitwalo Epworth, lililotungwa 1991 na daktari Murray Johns wa Melbourne: linauliza hali 8, kama kusoma umekaa, kuwa abiria garini kwa saa nzima, au kuzungumza na mtu, nawe unajipa alama 0 hadi 3 kwa kila moja. Ukizidi 10 kati ya 24, nenda hospitali ukalale na vipimo. Mtu asinziaye kwa mvua Jumapili mchana ana raha yake. Asinziaye katikati ya sentensi yake mwenyewe ana ugonjwa unaotibika.

Kukosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, nako kunahitaji matibabu, na matibabu ya kwanza si vidonge. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani (ACP) kilishauri mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na tiba ya utambuzi na tabia: wiki chache za kupanga upya muda wa kitanda na kuzungumza na zile fikra zinazoamka taa ikizimwa. Na kwa masikio, muone daktari ukisikia mlio sikio moja tu, au mvumo unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo. Sikio likizima ghafla, hata bila maumivu, nenda siku hiyohiyo, maana dawa hufaa zikianza mapema.

Limebaki la kinyozi, na hili nimeliacha mwisho kwa kuwa linanifurahisha. Mashine nyingi za sumaku zinazochomekwa ukutani huvuma mitetemo 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa mahali ni wa hezi 50 au 60, na kwa kuwa imegusa fuvu, sauti inaingia kupitia mfupa moja kwa moja bila kupita hewani. Juu yake kuna mkono wa mtu unaopita taratibu kichwani. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazoitikia hasa mguso wa polepole, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, kasi ileile tunayopapasia mtoto. Umekaa, umefunikwa kitambaa, simu huwezi kushika, huruhusiwi hata kugeuza shingo. Mlinzi angebaki macho afanye nini? Lala tu. Ila mwombe akushike kichwa anapofika nyuma ya sikio.